Napika kwa gesi kwa siri, mume wangu anasifia kuni zake

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Salamu kutoka Uru, huku juu ya mji wa Moshi. Mimi ni mama wa miaka 54. Watoto wangu wanne wote wana maisha yao, nimebaki na wajukuu wawili ninaowalea. Jina langu naomba ulihifadhi, maana huku kihamba (shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake) na kihamba vinasikilizana.

Mume wangu alistaafu mwaka juzi. Tukaiacha nyumba ya kupanga Arusha, tukarudi kihambani kwao. Miezi ya kwanza alikuwa mtu wa kukaa tu, redio mkononi, anauliza chakula kitaiva saa ngapi. Halafu usiku mmoja upepo ukaangusha mkaratusi kule korongoni. Asubuhi akaazima shoka kwa jirani, akashuka. Tangu siku ile, Mshauri, nyumba yangu imekuwa nyumba ya kuni.

Saa kumi na moja alfajiri, kabla sijakoroga uji, nasikia shoka. Kuni anazibeba mwenyewe kichwani, kwa ngata aliyoisokota kwa majani makavu ya mgomba. Toroli halitaki, anasema linamwaga mzigo kwenye kona. Jioni anajishika kiuno, asubuhi amesahau. Na kupanga anapanga kama fundi anayejenga: ukuta wa kwanza uko nyuma ya banda la ng'ombe, wa pili umeegemea jiko, wa tatu uko barazani na sasa dirisha la sebuleni halifunguki. Chini ya kitanda cha wageni kuna kuni. Mgeni akifika hajakaa vizuri, ameshachukuliwa akaonyeshwe.

Wewe unajua huku kwetu kubeba kuni kichwani ni kazi ya akina mama na mabinti. Wanaume wenzake wakimwona wanamtania, anacheka nao, anaendelea kupanda. Ninayeaibika ni mimi. Bombani wanawake wananiuliza nimempa nini. Mama mkwe, ambaye amepita miaka 80 na ana nyumba yake ndani ya kihamba hiki hiki, aliniambia bila kupepesa macho kwamba mwanawe hakusomeshwa ili awe anabeba kuni za mwanamke.

Hayo ningeyameza. Shida ni kwamba kuni zenyewe haziwaki. Ukizisukuma motoni zinalia, zinatoa povu kwenye ncha, kisha moshi unajaa mpaka simuoni mtoto aliyekaa mlangoni. Jiko letu ni banda la mbao lenye mafiga matatu na kidirisha kimoja. Mjukuu wa miaka mitatu alianza kukohoa. Mwezi wa nne nikachukua mtungi wetu wa gesi wa kilo 15, ule tuliokuja nao kutoka Arusha, nikauweka stoo iliyopakana na jiko, nikaufunika kanga. Gesi najaza kwa hela yangu ya ndizi.

Sasa sikiliza ninavyoishi. Akishashuka korongoni, nafunga mlango wa stoo na kupika kwa gesi. Nikisikia anapanda, nahamishia sufuria kwenye mafiga, nasukumia kuni mbili mbichi chini yake ili moshi uonekane juu ya bati na sufuria ishike masizi. Anaingia, ananawa, anakula, anasema, "Mama, unaona? Maharage ya kuni hayana mpinzani." Amewaambia mpaka watu wa jumuiya. Mwezi uliopita alisimama mbele ya kuni zake akaniambia kuni za nyumba hii zina baraka, hazipungui. Nilikosa pa kuangalia.

Wiki iliyopita mama mkwe alikuja akiegemea fimbo yake, akakaa kwenye kigoda akasema, "Nipe chai. Ile ya haraka." Hakuongeza neno. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Desemba watoto wote wanakuja. Mume wangu ameamua mtungi apewe kijana wetu aondoke nao, "kwa sababu sisi hatuutumii." Pia anataka kuangusha miti miwili ya grevilea ili kuni zitoshe sikukuu. Ameniuliza mtungi uko wapi. Nimejibu, "Upo."

Nikimwambia, ataona nimemcheka miezi mitano nzima mbele ya sahani yake. Nisipomwambia, mtungi unaondoka na mimi narudi kwenye moshi. Nifanyeje?

Mama wa Mafiga na Mtungi, Uru

JIBU

Mama mpendwa, asante kwa kuniamini na jambo hili. Nimeisoma barua yako nikitabasamu, kisha nimeirudia polepole, kwa sababu ndani yake kuna mambo mawili unayoyabeba kama mzigo mmoja. Kuna siri kati yako na mume wako, na kuna kuni zisizowaka. Ukiyatenganisha, huenda kila moja likawa jepesi kuliko unavyolihisi sasa.

Lakini kabla ya ndoa, naomba tuanze na stoo. Hili siwezi kulichelewesha mpaka mwisho. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatokea kwenye upenyo wa bati, inashuka na kutambaa sakafuni kama maji, na inaweza kupita chini ya mlango mpaka kwenye mafiga yako. Wewe unapika mlango umefungwa, kisha dakika chache baadaye unawasha moto chumba cha pili. Mtungi ukae mahali penye hewa inayopita chini, usimame wima, usifunikwe kanga wala kitu kingine, na usiwe chumba kimoja na moto wa kuni wala chumba kilichopakana nao kwa upenyo. Chukua sabuni na maji, tengeneza povu, paka kwenye rigyuleta na kwenye mpira wote mpaka kwenye plati. Panapotoa mapovu yanayokua, pamevuja. Mpira ukiwa mgumu au una nyufa unapoukunja, ubadilishwe. Na siku ukinusa gesi, usiguse kiberiti wala swichi ya taa. Funga valvu, fungua milango, toeni watoto nje.

Jingine ni hizo kuni mbili mbichi za kuleta moshi. Mama, huo moto mdogo ndio mbaya kuliko yote. Moto unaowaka kwa mwali unaunguza sehemu kubwa ya moshi wake wenyewe. Moto unaofuka tu unautoa wote, pamoja na hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Umeacha kupika kwa kuni ili kifua cha mtoto kipone, halafu kila mchana unamfukizia. Ikiwa kikohozi chake kimepita wiki mbili, mpeleke kituo cha afya; akianza kupumua harakaharaka au kifua kubonyea anapovuta hewa, mpeleke siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwa baba.

Unaandika kana kwamba hajui chochote. Naomba nikuulize kwa upole: una hakika? Huyu ni mtu anayejua kila ukuni wake. Maharage ya saa mbili kwenye mafiga yanaacha makaa ya kutosha kuchoma ndizi na konzi moja au mbili za majivu. Moto wako wa dakika kumi unaacha vijiti viwili vyeusi nchani na majivu ambayo hayatoshi kumwaga kwenye shina moja la mgomba. Tazama na sufuria. Kuni mbichi zikipikia muda mrefu zinaacha masizi yanayong'aa, yanayonata kama lami, ambayo steelwire inayahangaikia. Yale ya dakika kumi ni vumbi, kidole kimoja kinayafuta. Na aliposimama mbele ya kuni akasema zina baraka, hazipungui, wewe umesikia sifa. Inawezekana ilikuwa sifa. Inawezekana pia alikuwa anakufungulia mlango upite. Sijui, na wewe hujui, ila unamfahamu uso wake kwa miaka mingi kuliko mtu yeyote.

Dhana nyingine ninayotaka uiangalie tena ni kwamba alichokuwa anasifia ni kuni. Chakula kilichofunikwa hakiingizi moshi mwingi. Ladha anayoipenda inatoka kwa mtu aliyeloweka maharage usiku, akayachemsha kwa nguvu dakika kumi za kwanza, kisha akayaacha yatokote taratibu bila haraka. Mtu huyo ni wewe. Kwa hiyo ukimwambia ukweli humnyang'anyi chakula anachokipenda. Labda unamnyang'anya sababu aliyokuwa anajipa ya kushuka korongoni kila asubuhi, na hapo ndipo ningekuwa mwangalifu. Mtu aliyekaa miezi na redio mkononi, leo anaamka saa kumi na moja akiwa na kazi inayoonekana kwa macho. Umewahi kumuuliza anachokipenda kwenye kuni? Si kwa kumlaumu, kumuuliza tu, siku akiwa anakuonyesha ukuta wake mpya.

Na hao wa bombani wanaokuuliza umempa nini, nawe unaona aibu, hebu wasikilize vizuri wakati mwingine. Wengine wao wanapandisha kuni mgongo umepinda huku waume zao wako kivulini. Si kila swali la namna hiyo ni dhihaka.

Nigeuke kwenye kuni zenyewe, kwa sababu naamini nusu ya mgogoro wenu ni maji. Mkaratusi uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Akibeba mzigo wa kilo 30 ukiwa mbichi, humo mna kama kilo 15 za maji. Mzigo huo huo ukikauka vizuri unabaki kilo 19 hivi. Ina maana kilo 11 alizozipandisha na kiuno chake zilikuwa maji, na korongoni maji yapo tele. Kisha yale maji yanafika jikoni yanadai moto: joto la kuivukiza lita moja tu linatosha kuchemsha zaidi ya lita sita za maji ya baridi. Ile sauti unayoisikia na povu linalotoka nchani ni joto la maharage yako likipotelea kwenye mvuke. Ndiyo maana nasema kuni si mbaya, zimeharakishwa tu.

Apasue kule kule mti ulipoangukia. Apasue ukiwa bado mbichi, kwa sababu mkaratusi mbichi unakubali shoka, lakini ukishakauka nyuzi zake zilizojisokota zinashika shoka zisiliachie, hapo atahitaji kabari na nyundo nzito. Gome ni kama koti la mvua, linafungia maji ndani; gogo la mviringo lenye gome linaweza kupita mwaka likiwa bado bichi katikati. Vipande vya sentimita 40 kwa urefu, na unene wa kifundo cha mkono, maji yanatoka kwa urahisi kwenye ncha zote mbili na kwenye ubavu uliopasuliwa. Korongoni pana kivuli na unyevu, kwa hiyo avisogeze mpaka mahali pa kwanza penye jua na upepo, aviache hapo wiki kadhaa, ndipo avipandishe vikiwa vyepesi. Mzigo wa kilo 20 mpaka 25 unamtosha mtu wa umri wake. Kuhusu toroli, linamwaga kwa sababu mzigo umewekwa juu na nyuma. Vipande vizito vikae mbele karibu na gurudumu, vilale kufuata urefu wa toroli, vifungwe kamba mara mbili. Na mteremko ukiwa mkali alivute nyuma yake badala ya kulisukuma.

Kuta zake tatu nazo zinahitaji marekebisho, na hili aambiwe na mtu anayemheshimu kama fundi, si na mtu anayemkosoa. Ukuta ulioegemea jiko la mbao ni hatari ya moto, na ni njia ya mchwa kuingia kwenye mbao. Kuni za chini ya kitanda hazipati hewa. Hazitakauka, zitaota ukungu na kuleta wadudu. Za barazani zimeziba dirisha ambalo siku ya dharura ni mlango. Kuni zinataka kuinuliwa sentimita 15 kutoka ardhini juu ya mawe au miti miwili mirefu, ziwe safu moja tu, zitazame upepo unakotoka, na juu ziwekewe bati la zamani lililozidi kidogo pande zote. Pembeni paachwe wazi. Wengi wanafunika nailoni mpaka chini, kisha wanashangaa kukuta kuni zinatoka jasho.

Huko kwenu miteremkoni ukungu wa Juni na Julai haukaushi kitu, na vuli ikianza unyevu unarudi. Kwa hiyo Septemba hii na Oktoba ndiyo miezi ya kufanyia kazi. Vipande vyembamba alivyokata mwaka jana, akivipasua tena sasa hivi, vinaweza kufaa Desemba. Grevilea atakazoangusha leo hazitafaa sikukuu kwa namna yoyote, hata zikipasuliwa usiku na mchana. Hilo peke yake linaweza kuiokoa miti ile miwili, ambayo huenda inafunika mibuni yenu kivuli. Na akitaka kukata, aanzie ofisi ya kijiji kwanza kuulizia kibali, hata kama mti umeota kihambani mwake. Kuni nzuri kabisa mnazo karibu: matawi ya mibuni mliyoyapogoa, yakikauka, ni magumu, hayana cheche nyingi na makaa yake yanadumu. Ila mnyaa wa kwenye ua usiingie jikoni, utomvu wake ni balaa kwa macho, na mabaki ya mbao za rangi au nguzo zilizotiwa dawa yasichomwe kabisa.

Atajuaje zimekauka? Agonganishe vipande viwili: vilivyokauka vinalia kwa sauti kali, vibichi vinatoa mlio mzito uliokufa. Aangalie nyufa nchani na gome linaloachia lenyewe. Lakini kipimo ambacho nadhani kitamfurahisha ni mizani ya kuning'iniza, hii ya kupimia nyama. Achague vipande vitatu katikati ya ukuta, avitie alama ya chaki, avipime kila Jumamosi na kuandika. Uzito utashuka haraka, kisha polepole, kisha utasimama. Ukisimama wiki mbili mfululizo, ukuta huo uko tayari.

Jiko lenyewe mnaweza kuliboresha bila kulivunja. Jiko la matofali lenye mdomo wa sentimita 12 hivi, kuni zinazosukumwa ncha tu, hewa ikipita chini yake, na bomba la moshi la inchi nne linalopanda nusu mita juu ya kipeo cha paa. Bomba lisiguse mbao. Liachiwe nafasi au lizungushiwe udongo, na masizi yazibuliwe kila baada ya miezi miwili. Na kwa kuwa huko kuna baridi, niseme na hili: jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala hata wageni wakiwa wengi kiasi gani.

Sasa, siri. Naona njia kadhaa, na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kukaa kimya ukaacha mtungi uende. Amani ya meza itabaki, na siri itaondoka na kijana wako. Lakini moshi unarudi kwa mtoto, nawe utakuwa unapika kila siku ukiwa na kinyongo ambacho baba hatajua kimetoka wapi. Unaweza pia kuutoa mtungi hadharani bila kusema ya nyuma: "Baba, mtungi usiondoke, nitakuwa napikia chai na uji wa watoto asubuhi." Huo ni ukweli, ingawa si wote. Wapo wanaoishi vizuri na nusu hiyo. Jiulize tu utajisikiaje siku atakaposifia tena maharage ya mwezi wa sita mbele ya watoto, nawe ukatazama pembeni kama ulivyotazama siku ile.

Au unamwambia yote. Hofu yako ni kwamba ataona umemcheka. Naielewa, kwa sababu mtu anayepiga kuni asubuhi mpaka jioni anaweza kuumia akijua hazikutumika. Kinachoweza kupunguza maumivu hayo ni mpangilio. Usimwambie akiwa anapanda na mzigo kichwani, wala mbele ya wageni, na usisubiri Desemba mjukuu aseme kwa niaba yako, maana watoto wa miaka mitatu wanasema. Baada ya chakula cha usiku, mkiwa wawili, anza na kifua cha mtoto, kwa sababu ndiko ulikoanzia kweli. Kitu kama: "Baba, ule mtungi nautumia. Nilianza mwezi wa nne mtoto alipokohoa. Nilikuficha kwa sababu nilikuona unafurahia kuni zako, sikutaka kukuvunja moyo." Halafu nyamaza. Asijibiwe kila swali kabla hajauliza. Huko kwenu jani la isale linajua kazi yake ya kuomba radhi; wewe ndiye unayejua kama jambo hili lina uzito wa kulihitaji, au kama likitolewa litamtia hofu kwamba kuna kosa kubwa zaidi nyuma yake.

Na si lazima mazungumzo hayo yawe ya gesi kushinda kuni. Nyumba nyingi Kilimanjaro zina vyote viwili. Hata Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umejiwekea mpaka 2034 kufikia asilimia 80 ya Watanzania. Ni safari ya miaka kumi, wewe na baba hamjachelewa kuijadili mezani. Chai, uji, mboga na chakula cha usiku vinaweza kuwa vya mtungi. Makande ya watu wengi, ndizi za pombe ya mbege zinazochemka kwa saa nyingi, maji ya kuoga ya watoto kumi wa Desemba, hapo hakuna mtungi wa kilo 15 utakaofika mbali, na kuni kavu zilizopimwa kila Jumamosi zitakuwa na kazi ya heshima. Unaweza kumwambia hivyo. Anaweza asikubali mara moja. Anaweza kutaka kwanza kujua hela ya gesi ilitoka wapi, na ukimwambia ni ya ndizi, huenda likawa jambo la pili la kuzungumza usiku huo, kwa hiyo jiandae nalo.

Nimemwacha mama mkwe mpaka mwisho kwa makusudi. Wewe umelisikia lile neno lake kama tishio. Lakini fikiria: mama wa miaka 80 aliyepitisha maisha yake yote mbele ya mafiga, ameingia jikoni kwako, akajua kinachoendelea, na badala ya kwenda kumwita mwanawe, akaomba kikombe. Macho yake yamekula moshi kwa miaka mingapi? Na aliposema mwanawe asibebe kuni za mwanamke, pengine alikuwa anasemea kiuno cha mwanawe, pengine anakusemea wewe, pengine alimaanisha vilevile ulivyosikia. Anaishi hatua chache kutoka kwako. Kesho akija, chemsha chai mlango wa stoo ukiwa wazi, mwekee kigoda pale panapoingia hewa, umpe ile ya haraka, kisha umuulize ni lini alijua.